Tonge la Mwosha

Bangili yake iliwaka nyekundu hata sijakaa vizuri.

Tulikuwa sebuleni kwangu baada ya swala ya alasiri, kama kila siku tangu tuunganishwe. Mama Twaha alilaza mkono wake wa kushoto juu ya mto, nami nikaweka wa kwangu juu yake. Bangili mbili zikatafutana zenyewe, zikashikana. Nilihisi kichomo kwenye mshipa, kisha ule ubaridi wa dawa ukitoka kwangu kwenda kwake.

Siku za kawaida dawa ilitoka taratibu na kukoma kabla chai haijapoa. Siku hiyo haikukoma. Bangili ilivuta, ikapumzika, ikavuta tena, mpaka magoti yakaanza kuniuma kama ya mtu aliyeshinda akibeba magunia. Mdomo ukanikauka. Yeye alikuwa ametazama dirishani, uso umetulia, kama mgeni anayesubiri kupewa ruhusa ya kuondoka.

"Umekula nini?" nilimuuliza.

"Nimekula ulichonipikia."

"Na kingine?"

"Mama Rukia, mimi si mwanao wa kunichungulia kinywani."

Sikuuvuta mkono wangu. Mtu ambaye dawa yako inapita kwenye mshipa wake huwezi kuinuka ukamwacha, hata akikuudhi. Tukakaa hivyo hivyo mpaka nyekundu ikafifia ikawa manjano, na bangili zikaachiana.

Mimi na Mama Twaha tuliolewa na mume mmoja, marehemu Mzee Swalehe, Mungu amrehemu. Uani kwetu kuna milango miwili inayotazamana, wangu na wake. Tangu tumzike tumebaki wajane wawili wa uwanja mmoja, tukisalimiana asubuhi na kugombania kamba ya kuanikia nguo.

Ugonjwa wake ulikuwa ule ulioingia nyumba nyingi za Kondoa tangu vyakula vya pakiti viitwavyo Vitonge vianze kuletwa. Vitonge hivyo hutoka kiwandani vikiwa vya moto, vimefungwa kimoja kimoja, na punda wa chuma ndio wanaovigawa mlango kwa mlango. Ni laini, vyeupe, vina mafuta na utamu kidogo, wala huhitaji meno. Njaa viliiondoa, hilo lazima lisemwe. Lakini viliondoa na sinia, maana kila mtu alipata pakiti yake, akala anapotaka, na mafiga yakaota majani. Baada ya hapo watu wakaanza kuharisha damu, kuvimba viungo, na kuchoka hata kabla jua halijapanda. Mimi sikuacha kunde na uwele wangu.

Agripina, msimamizi wa Pacha, yaani watu waliounganishwa kwa bangili, pale kituoni, ndiye aliyenifafanulia. Ni binti wa Ludewa, mpole, anayeamkia kwa kupiga goti kidogo. Siku moja alinikuta napika mlenda, akaomba sahani, akaumwaga humo. Akasema utumbo wetu kwa ndani umetandazwa ute kama huo, na juu ya ute wanaishi wadudu wadogo wasioonekana, wengi kuliko watu wote wa dunia. Chakula chao ni makapi ya uwele, maganda ya kunde, nyuzinyuzi za mboga, yale sisi tusiyoweza kuyasaga. Wakishiba hutulipa kwa kutengeneza kitu kinachotuliza utumbo. Wakikosa, na Kitonge hakina cha kuwapa, hugeukia ule ute na kuutafuna. Alichota mlenda kwa kijiko mpaka sahani ikabaki tupu, akagonga chini.

"Hapa ndipo moto unapowaka, mama. Ukuta uko uchi. Mwili unatuma askari kuulinda, na askari wanachoma nyumba yao wenyewe."

Dawa ilipatikana. Walifuga wadudu wapya maabara, wakawaita Walezi, wakawafundisha kutengeneza kile kituliza moto kwa wingi. Tatizo ni kwamba Walezi hawaishi kwenye utumbo unaoungua. Wanahitaji utumbo mzima wa mtu mwingine, unaofanana na wa mgonjwa, ili watengenezee dawa huko, na bangili iivushe. Na kufanana huko hakutokani na damu. Kunatokana na kula pamoja miaka mingi.

Walipima ukoo mzima wa Mama Twaha. Wanawe wa kuwazaa walikataliwa, dada yake wa tumbo moja akakataliwa. Kipimo kikanichagua mimi. Mzee Swalehe aliamuru tule sinia moja tangu Mama Twaha alipoletwa akiwa bibi harusi, ili pasiwe na maneno ya nani kapewa mnofu. Basi tulikula sinia moja, kila mmoja akilinda upande wake, na huku sisi tukigombana, wale wadudu walikuwa wanahamiana.

Nilikubali. Sikukubali kwa mapenzi. Aliyepewa cha kumponya mwenzake akakificha ataulizwa, na mimi sikutaka kuulizwa hilo.

Sasa ubaya wa bangili ni huu. Yake ikiwaka, yangu inawaamuru Walezi wangu wafanye kazi zaidi. Nikiwa nimekula vya kutosha, wanafanya. Wakizidiwa, wanaanza kunila mimi. Kila alichotia kinywani mwake nilikilipa kwa magoti yangu. Na Agripina alikwisha kutuonya kwamba nyekundu ikirudi tena na tena, kamati ya kituo itatutenganisha, na Walezi wangu watapewa mgonjwa anayefuata masharti.

*

Nilianza kumtazama. Sikumfuata nyuma kama mpelelezi, nilitazama tu. Niliona kwamba wiki nyingine nzima bangili yake ilikuwa kijani, na alikula vizuri, ugali wa uwele, kunde, mtindi, karanga, wala hakulalamika. Kisha nyekundu ililipuka ghafla. Ilinichukua muda kuona kwamba milipuko hiyo ilikuja siku za misiba.

Mama Twaha ndiye mwosha maiti wa mtaa wetu kwa wanawake. Msiba ukitangazwa msikitini, utamwona anachukua kitambaa chake na kutoka, hata kama mguu umevimba. Nikajiambia, kumbe ndiyo hivyo. Anakwenda msibani, anakuta Vitonge vimejaa, mdomo unamshinda.

Msiba uliofuata nilikwenda. Alikuwa amefariki bibi mmoja wa Kilimani, mtu mzima. Nilikaa mkekani na wanawake wengine. Mama Twaha alikuwa chumbani na maiti, mlango umefungwa. Alipotoka alinukia kafuri, mikono imekunjamana kwa maji. Akakaa. Mazungumzo yakakatika. Binti wa marehemu akaja na Kitonge kwenye sahani, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili.

Mama Twaha alikifungua, akala, polepole, mpaka akamaliza. Akanywa maji. Na hapo wanawake wakaanza tena kuzungumza, na binti wa marehemu akapata kulia kwa sauti.

Niliyaona yote hayo. Lakini nilikuwa nimekwenda kutafuta ulafi, nikaona ulafi.

Njiani nilimsema. Nilimwambia anakula nyama yangu. Nilimwambia bora angeniomba nimkate kipande nimpe mkononi. Alitembea mpaka tukafika pale barabara inapopanda, akaegemea ukuta kupumzika.

"Mwosha asipokula, watu husemaje?" akaniuliza.

Nilijua. Mtaani kwetu kila mtu anajua. Mwosha ndiye wa mwisho kuuona mwili wa mwanamke, na anachokiona hakisemi, maana dini inamtaka amsitiri maiti. Sasa watu wakinyimwa maneno hutazama mdomo. Mwosha akila kwenye nyumba ile, kifo ni cha Mungu. Akitoka bila kula, ameona kitu. Alama ya mkono, rangi ya sumu, mfupa uliovunjika. Hakuna anayetamka, lakini ikifika Ijumaa mtaa mzima umekwisha kuhukumu.

"Tulipofungwa hizi bangili nilifuata masharti," akasema. "Nilikwenda kwa Kimolo, nikamwosha mkewe, nikanywa maji tu, nikaondoka. Yule mwanamke aliuawa na presha. Mwili ulikuwa safi kama wa mtoto. Kimolo yuko wapi leo?"

Kimolo alikuwa Babati. Alihama na wanawe baada ya watu kuacha kuingia dukani kwake na mchumba wa binti yake kurudi nyuma. Hata mimi nilisikia ameondoka na sikuuliza.

"Ungesema," nikamwambia. "Ungesimama ukasema hukuona kitu."

"Nikisema kwa Kimolo sikuona kitu, kesho nikinyamaza kwa mwingine nitakuwa nimemshitaki. Mwosha anafunga mdomo kwa wote au hafungi kwa yeyote. Unadhani sijafikiri, Mama Rukia? Kila kitonge ninachokula najua nakwenda kuchanika tumbo. Halafu nakuja kukuona wewe umekunja uso kama umelamba ndimu."

"Acha kuosha, basi."

"Aoshe nani? Lile beseni la umeme la hospitali?"

Beseni hilo lipo. Linaosha maiti kwa mvuke, halina mikono wala bismillahi. Sijawahi kumsikia mwanamke wa Kondoa aliyeusia aoshwe nalo.

Tulirudi nyumbani. Alasiri bangili zikashikana, nyekundu, na dawa ikanitoka kwa nguvu kuliko siku zote. Nilishika ukingo wa kiti. Yeye alinitazama safari hii, akasema polepole nivute pumzi.

*

Kituo kilituita asubuhi. Agripina aliniingiza kwanza mimi peke yangu. Aliniamkia, akanivutia kiti, akauwasha ukuta. Ukutani ukaja mstari wa moto wa Mama Twaha, umenyooka, kisha umepanda kama mwiba, umenyooka, umepanda. Chini yake ulikuwa mstari wangu, na wangu ulikuwa unashuka.

Alinieleza bila kunificha. Utumbo wangu ulianza kuchoka. Kitonge kimoja kwa mtu mzima aliyezoea kunde na uwele hakimuumizi, wadudu wake wanastahimili na kesho yake wanakula vyao. Kinachoharibu ni cha kila siku. Lakini kwa utumbo ulio uchi kama wa Mama Twaha, kimoja kinatosha kuwasha nyumba.

Kisha akaniambia kuhusu Hidaya.

Hidaya ni mwanamke wa Bolisa, ananyonyesha, anaugua ugonjwa huo huo, amelelewa kwa pakiti tangu utoto. Walezi wangu wangemfaa, si kwa ukamilifu, lakini wangemfaa. Alikwisha kuapa atafuata masharti yote. Alikuwa anasubiri.

"Sasa mama, itanibidi nikuulize na jibu lako ndilo kamati italisoma," akasema. "Pacha wako anakula Vitonge?"

Nilifikiri kumwambia sijui. Ni neno fupi. Lakini nilikuwa nimetoka kuswali, na ulimi nilioswalia ni huo huo.

"Anakula," nikasema. "Anakula kwenye nyumba za misiba, kila anapoosha." Nikamweleza sababu, na habari ya Kimolo, na namna watu wanavyotazama mdomo. Alisikiliza mpaka mwisho. Macho yakamlainika, lakini akatikisa kichwa.

"Utumbo haujui sababu, mama. Unajua kilichoingia."

Nikamuuliza itakuwaje Mama Twaha akitolewa kwenye bangili. Akasema mvua za mwakani hatazikuta. Nikamuuliza kama kuna njia ambayo kamati haiwezi kututenganisha. Akaninyooshea kiganja kama mtu anayekuzuia usivuke barabara.

Njia ilikuwepo, ikiitwa kufunga. Walezi wangu wangetiwa alama ya Mama Twaha, wasiweze kumtumikia mwingine milele. Bangili zisingefunguliwa. Kamati isingekuwa na cha kugawa. Lakini nikifunga, moto wake ungekuwa wangu maisha yangu yote. Na akitangulia kufa, Walezi watakufa naye, nibaki na utumbo uliochakaa, bila pacha wa kunisaidia mimi.

"Wengi waliofunga ni mama na mtoto," Agripina akasema. "Sijawahi kufunga wake wenza."

Niliomba muda mpaka adhuhuri. Kuna chumba kidogo cha swala nyuma ya kituo. Niliswali, kisha nikabaki juu ya msala. Sikuona ndoto wala sikusikia sauti. Niliwapima tu wale wanawake wawili moyoni. Mmoja ananyonyesha, mtiifu, hana kosa lolote kwangu. Mwingine ni mzee mwenye mdomo, aliyenikalia upande wa pili wa sinia ujana wangu wote. Ungeniuliza nani anastahili, ningesema Hidaya. Lakini niliona kwamba swali halikuwa hilo. Hidaya sikuwa nimempa kitu. Mama Twaha dawa yangu ilikuwa ndani yake wakati ule ule nilipokuwa nimekaa. Kuiacha isimfikie Hidaya ni kumwacha asubiri. Kuivuta kutoka kwa Mama Twaha ni kumuua kwa mkono wangu, kwa kosa la kuwasitiri watu.

Hata hivyo niliinuka na jina la Hidaya kifuani, na najua nitaulizwa juu yake.

Nilirudi nikamwambia Agripina tufunge. Hakunibishia. Nikamwuliza Hidaya anakula na nani. Akasema peke yake. Mumewe ana pakiti yake, mama mkwe ana yake.

"Kufanana kwa utumbo kunaanza lini?" nikauliza.

Akasema wakila chombo kimoja kila siku, chakula chenye makapi, mpaka mavuno yajayo, inaweza kupimwa upya. Inaweza, alirudia, hakuahidi.

"Mlete aje ale kwetu," nikasema. "Ana umri wa Rukia wangu. Rukia ana utumbo wa punda, na mboga anakula. Watakula sinia moja mpaka wapimwe, mimi nitawasimamia."

Agripina akaandika. Kisha akamwita Mama Twaha aingie, maana ridhaa yake ilihitajika pia. Alielezwa yote. Alitazama ule mstari wangu unaoshuka ukutani, akanigeukia.

"Hujanipenda hata siku moja," akasema.

"Sijakuambia nakupenda. Nimekuambia lete mkono."

Aliucheka ule msemo, kicheko cha puani, halafu akafuta macho kwa upindo wa mtandio na kuuleta mkono. Bangili zilipofungwa hazikulia. Zilipata joto tu, na alama ya mshono ikatoweka kwenye chuma.

Nikampa masharti yangu pale pale, mbele ya shahidi. Kuanzia leo hatakula Kitonge tena, popote. Akasema nimerudi kule kule, na watu watasemaje? Nikamwambia nitakula mimi.

"Wewe hukuingia kuosha. Mdomo wako hauna ushahidi."

"Basi nitaingia."

*

Msiba uliofuata ulikuwa mbaya kuliko nilivyoomba. Alifariki mke wa Athumani, fundi wa punda wa chuma, mwanamke mdogo, ghafla, asubuhi. Na wiki hiyo hiyo majirani walisikia wakigombana. Tulipofika, wanaume wa upande wa mke walikuwa wamesimama uwanjani, na Athumani amekaa peke yake kwenye ngazi. Hakuna aliyekuwa karibu naye.

Niliingia chumbani na Mama Twaha. Nilimimina maji, yeye akaosha. Alinielekeza kwa macho na vidole, wapi, kiasi gani, upande gani kwanza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, lakini sikumwaga nje hata tone. Tuliyoyaona humo yamebaki humo.

Tulimvisha sanda, tukatoka, tukakaa mkekani. Mama wa marehemu mwenyewe, bibi mrefu mkavu aitwaye Bi Kungura, alikuja na sahani na kuiweka mbele ya Mama Twaha. Hakuondoka. Alisimama pale pale.

Mama Twaha alinyanyua glasi ya maji, akanywa. Hakuigusa sahani.

Nilisikia mtu mmoja nyuma yangu akivuta pumzi. Dirisha lilikuwa wazi, na nje wanaume walikuwa wamegeuka kututazama. Nilijua kwamba nikichelewa kidogo tu, kitu kitakuwa kimeamuliwa na hakitarudishwa.

Nikaivuta sahani mbele yangu.

"Wewe siye mwosha," Bi Kungura akasema. Hakupaza sauti.

"Nimeosha pamoja naye, mama. Maji yote nimemimina mimi. Alichokiona nimekiona." Nikanyanyua mkono wangu, nikaushika na wake, bangili mbili pamoja, ili wote waone kwamba hazina pa kufungulia. "Huyu ni mgonjwa wa utumbo na hili tonge litamuua. Tumefungwa. Kinachomweka hai kinatoka tumboni mwangu, na hakitatoka kwa mwingine mpaka mmoja wetu azikwe. Mimi na yeye tuna utumbo mmoja. Ninakula kwa niaba ya wote wawili."

Nikafungua Kitonge. Kilikuwa cha moto, kinanukia mafuta. Nilikula, na nilihakikisha kila mmoja ananiona nikimeza. Kikashuka kama donge la nta. Mama Twaha alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, na nilihisi mapigo ya moyo wake kwenye chuma.

Nilimaliza. Bi Kungura alinitazama, akamtazama Mama Twaha, akaitazama sahani tupu. Alikuwa mama aliyefiwa na mwanawe asubuhi ile, na uso wake ulikuwa unatafuta mtu wa kumlaumu.

"Leteni kingine," akasema. "Kama mnakula wawili, kimoja hakitoshi."

Sikujua kama ni mzaha au ni mtihani. Nadhani hata yeye hakujua. Mjukuu wake mmoja akaleta cha pili. Nilijua usiku ule nitalala nimejikunja na kesho nitakula kunde kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Nikakifungua. Nikala hicho nacho, mpaka mwisho, nikalamba na kidole.

Bi Kungura akakaa chini pale pale mkekani, akaweka kichwa chake begani kwa Mama Twaha na kulia. Akamlilia mwanawe kwa jina lake la utotoni. Wanawake wakasogea kumzunguka, na maneno yakaanza kupita mdomo kwa mdomo mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka uwanjani.

Niliinuka kwa kushika ukuta, nikaenda dirishani kupata hewa. Wanaume walikuwa wanaleta jeneza. Kaka mkubwa wa marehemu, yule aliyekuwa amesimama na ngumi zimekunjwa, alikwenda mpaka kwenye ngazi. Alisema neno ambalo sikulisikia. Athumani akanyanyua uso. Yule kaka akamshika mkono, akamwinua, akamleta mpaka mbele ya jeneza, akampa upande wa kulia aubebe.